Ubongo, Uzee na Ustadi wa Vidole: Mfano wa Ukanda wa Kasaji

1.0 Utangulizi

Waswahili husema utu uzima dawa. Methali hii huutukuza umri mkubwa kwa sababu ya busara iliyolimbikizwa, lakini haisemi lolote kuhusu mkono unaotakiwa kuitekeleza busara hiyo. Fundi wa vikapu anaweza kujua barabara kikapu kinavyoanzwa na kinavyomalizwa, ilhali vidole vyake havimtii tena. Hapo hutokea pengo baina ya kujua na kutenda. Makala haya yanakusudia kulieleza pengo hilo kwa kuonyesha uhusiano uliopo baina ya muundo wa ubongo na ustadi wa vidole kwa watu wenye umri mkubwa.

Mifano mikuu imechukuliwa kutoka ukanda wa Kasaji. Kasaji ni mji mdogo katika wilaya ya Dilolo, magharibi ya Kolwezi, kwenye reli itokayo Tenke kwenda Dilolo hadi kuingia Angola. Tangu mwaka 2015 eneo hilo limekuwa sehemu ya jimbo la Lualaba, lililomegwa kutoka jimbo la zamani la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miongoni mwa lugha zisemwazo huko ni Kilunda, Kichokwe na Kiswahili cha Katanga, na Kifaransa hutumika shuleni na maofisini.

Ukanda huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Wachokwe na baadhi ya majirani zao wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona, ambayo inahitaji ustadi wa kidole wa hali ya juu na ambayo kwa desturi mabingwa wake ni watu wazima. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza sanaa hii, kama inavyofanywa nchini Angola, katika orodha ya urithi wa utamaduni usiogusika. Pili, katika ukanda huohuo wa reli kuna Kisenge, mahali palipochimbwa manganisi. Vumbi la madini haya, likivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu, huweza kuidhuru sehemu mahsusi ya ubongo inayosimamia mwendo wa mikono. Kwa hiyo mkono uliofunzwa sana na hatari inayouvizia mkono huo hukutana katika eneo moja.

2.0 Safari ya tendo kutoka ubongoni hadi kidoleni

Mchoraji wa sona huanza kwa kusafisha na kusawazisha ardhi. Kisha kwa ncha za vidole huweka nukta zilizopangwa kwa umbali ulio sawa. Baada ya hapo huupitisha mstari kati ya nukta hizo na kuzizunguka, na katika michoro mingi mstari ni mmoja tu, unaokwenda bila kukatika hadi urudi ulikoanzia. Wakati huohuo mchoraji husimulia kisa au fumbo linalohusiana na mchoro wake. Kusita katikati ya njia huhesabiwa na watazamaji kuwa dalili ya kutojua. Paulus Gerdes (1952–2014), mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuchunguza jiometri iliyomo katika michoro hii. Hapa inatazamwa kwa upande mwingine: ni sehemu zipi za ubongo zinazomwezesha mzee kuchora?

Sehemu ya kwanza ni gamba la ubongo, yaani tabaka la nje lenye mikunjo. Maeneo ya mbele ya gamba hili hupanga nia na utaratibu wa hatua. Maeneo ya utosini huunganisha habari za macho na habari za mahali mkono ulipo. Mpango ukishakamilika hupelekwa kwenye ukanda wa mwendo, utepe mwembamba unaopita kutoka utosini hadi pembeni mwa kichwa. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya kazi yao ya Montreal, ambamo waligusa gamba la ubongo la wagonjwa kwa umeme hafifu wakati wa upasuaji. Ilidhihirika kwamba mkono na uso vimetengewa nafasi kubwa kupita kiasi katika ukanda huo, ilhali kiwiliwili, ambacho ni kikubwa zaidi, kimepewa nafasi ndogo. Kigezo cha mgawanyo huo ni unyeti wa kazi ya kiungo.

Kutoka ukanda wa mwendo nyuzi ndefu za neva hushuka kupitia shina la ubongo. Nyingi kati yake huvuka upande huko chini, ndiyo maana nusu ya kushoto ya ubongo huutawala mkono wa kulia. Njia hii huitwa njia ya piramidi. Umuhimu wake kwa vidole ulithibitishwa mwaka 1968 na Donald Lawrence na Hans Kuypers, waliochunguza nyani ambao njia hiyo ilikuwa imekatwa pande zote mbili. Baada ya muda nyani hao waliweza tena kutembea, kukimbia na kupanda, lakini hawakurudia kamwe kutumia kidole kimoja mbali na vingine. Kwa maneno mengine, kushika tawi na kuokota punje ni kazi mbili tofauti, na zina njia tofauti.

Hata hivyo, amri peke yake haitoshi, huhitaji kurekebishwa. Kazi ya urekebishaji hufanywa na mifumo miwili. Wa kwanza ni viini vya chini ya gamba, vilivyofichika katikati ya ubongo. Viini hivi huamua ukubwa na kasi ya mwendo, huruhusu mwendo unaotakiwa na kuizuia miendo isiyotakiwa, na huyageuza matendo yaliyorudiwa mara nyingi kuwa mazoea. Hutegemea kemikali iitwayo dopamini, inayotengenezwa na seli za sehemu ya shina la ubongo ijulikanayo kama kiini cheusi. Mfumo wa pili ni serebelo, yaani ubongo mdogo ulioko kisogoni. Huu hulinganisha mwendo ulioamriwa na mwendo uliotendeka, kisha husahihisha tofauti. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Brazili, miongoni mwao Suzana Herculano-Houzel, ilionyesha kwamba ubongo wa mtu una takriban nyuroni bilioni 86, na kati ya hizo takriban bilioni 69 zimo katika serebelo.

Kuna pia daraja la nyuzi linaloziunganisha nusu mbili za ubongo. Faida yake huonekana zaidi katika kazi za mikono miwili. Mpigaji likembe hutumia vidole gumba vyote viwili, na kila kimoja hufuata mapigo yake. Pasipo mawasiliano ya haraka baina ya nusu hizo mbili, mapigo hayo yangegongana. Hatimaye kuna hisia ya mguso. Kidole kinachopita mchangani hupeleka ubongoni habari za kina, ulaini na ukinzani wa mchanga, na ubongo hutumia habari hizo kurekebisha nguvu ya msukumo.

3.0 Mambo yabadilishwayo na uzee

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba uzee huua nyuroni kwa wingi. Utafiti wa Bente Pakkenberg na Hans Gundersen wa Denmark, uliochapishwa mwaka 1997, ulirekebisha imani hiyo. Waliona kwamba baina ya umri wa miaka 20 na 90 gamba la ubongo hupungukiwa na takriban asilimia 10 tu ya nyuroni zake. Kinachopungua zaidi ni ujazo: seli husinyaa, matawi yake hupungua, na nyuzi zinazounganisha sehemu mbalimbali huharibika. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kwamba baada ya miaka 40 ubongo hupungua kwa takriban asilimia 5 kila baada ya miaka 10, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 70.

Upungufu huo haulingani mahali pote. Gamba la mbele, ambalo hupanga utaratibu wa matendo, huathirika zaidi. Viini vya chini ya gamba na serebelo navyo hupungua, na vipokezi vya dopamini hupungua taratibu katika muda wote wa utu uzima. Daraja la kati hupoteza sehemu ya nyuzi zake. Nje ya ubongo, misuli midogo ya kiganja hunyauka, viungo hukakamaa, na ngozi ya ncha za vidole hupoteza baadhi ya vipokezi vya mguso.

Matokeo yake huonekana mkononi. Mzee huchukua muda mrefu zaidi kuanza tendo na kulimaliza. Hushika kitu kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kwa kuwa mguso hafifu hauupi ubongo hakika ya kutosha. Kazi za mikono miwili humtatiza kuliko za mkono mmoja. Isitoshe, akifanya mambo mawili kwa pamoja, kama vile kuchora na kusimulia, moja huelekea kulipunguzia jingine kasi. Mambo haya yote huja polepole, huelekea kulingana mikono yote miwili, na hayamzuii mtu kufunga vifungo vya shati lake.

4.0 Mazoezi na ufidiaji

Kama mambo yangeishia hapo, mabingwa wa sanaa za mkono wangekuwa vijana peke yao. Hali halisi ni tofauti. Picha za ubongo ukiwa kazini zimeonyesha kwamba mzee afanyapo kazi ya mkono mmoja, mara nyingi nusu zote mbili za ubongo wake hushughulika, ilhali kwa kijana hushughulika zaidi nusu moja. Watafiti wengi huitafsiri hali hii kuwa ni namna ya ufidiaji, ingawa kwa baadhi ya watu huweza kuwa dalili ya udhaifu wa daraja la kati katika kuzuia upande usiohitajika.

Ufidiaji wa namna nyingine hutokana na ujuzi wenyewe. Mwaka 1984 Timothy Salthouse wa Marekani alichapisha utafiti juu ya wapiga taipu wa umri mbalimbali. Vidole vya wapiga taipu wazee vilikuwa vizito zaidi katika majaribio ya kugonga tu, lakini katika kupiga chapa maandishi kasi yao haikuwa chini ya ile ya vijana. Siri yao ilikuwa kusoma mbele zaidi: macho yalitangulia herufi nyingi kuliko ya vijana, hivyo vidole vikapata muda wa kujiandaa. Mwaka 1996 Ralf Krampe na Anders Ericsson walionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa wapiga piano: wazee walioendelea kufanya mazoezi ya makusudi waliuhifadhi wepesi wa vidole katika fani yao, ingawa katika majaribio ya jumla ya wepesi walikuwa wamepungua kama wenzao.

Je, ubongo wa mzee huweza kujenga upya? Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hudokeza kwamba hauwezi. Mwaka 2008 Janina Boyke na wenzake wa Hamburg walichapisha matokeo ya kuwafunza watu wenye umri wa miaka ipatayo 60 kurusha na kudaka mipira mitatu kwa mfululizo. Wazee hao hawakufikia ustadi wa vijana, lakini picha za ubongo wao zilionyesha ongezeko la ujazo katika sehemu zilizohusika, na ongezeko hilo lilififia baada ya mazoezi kukoma. Hapa pana mafunzo mawili: samaki mkavu hukunjika kidogo, na akiachwa hurudi alivyokuwa.

Kwa kuzingatia matokeo hayo, inafahamika kwa nini mchoraji wa sona aliyekomaa huweza kuchora bila kusita. Kanuni ya mstari, nukta ngapi zizungukwe na wapi igeukwe, imekwisha kuwa mazoea. Gamba la mbele halilazimiki kuisimamia kila hatua, na jicho hutangulia kidole. Aidha inafahamika kwa nini sanaa ya namna hii hufa haraka pale vijana wanapoacha kujifunza: bingwa asiyepata wa kumchorea hukosa mazoezi, na mkono usiozoezwa hupoteza kwanza kile ambacho umri ungeweza kuusamehe.

5.0 Uzee au ugonjwa?

Hatari kubwa kwa mzee ni kwamba kila badiliko la mkono wake husemwa kuwa ni uzee, au huhusishwa na uchawi, na kwa hiyo halichunguzwi. Mfano mzuri unatoka Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa watu wapatao 161,000, wakitafuta wenye ugonjwa wa Parkinson. Wengi wa waliogunduliwa walikuwa hawajapata kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa huo, na kwa hiyo hawakuwa wakipata dawa.

Ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za kiini cheusi. Dopamini hupungua, na dalili za mwendo hujitokeza wakati sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mwendo huwa mzito na mdogo, na mwandiko husinyaa kadiri mstari unavyoendelea. Aghalabu dalili huanza upande mmoja. Dawa yake kuu, levodopa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Katika ukanda wa Kasaji kuna sababu ya kuongeza swali jingine. Manganisi ya Kisenge ilichimbwa kuanzia miaka ya 1950 na kampuni tanzu ya shirika la reli la BCK, na ilisafirishwa kwa njia ya reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo kwa usafirishaji wa kimataifa, na uchimbaji ukadorora. Manganisi si sumu kwa asili yake; mwili huihitaji kwa kiasi kidogo, na ile iliyozidi katika chakula hutolewa na ini kupitia nyongo. Vumbi livutwalo kwa pumzi hufuata njia nyingine: huingia katika damu kupitia mapafu bila kupita kwanza kwenye ini, na huweza kufika ubongoni.

Madhara hayo yaliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1837 na Couper wa Glasgow, kwa wafanyakazi waliosaga madini hayo. Mwaka 1955 J. Rodier alieleza hali ya wachimbaji wa Morocco. Manganisi hujikusanya hasa katika globasi palidasi, kimojawapo cha viini vya chini ya gamba, na huweza kuonekana katika picha za sumaku kama weupe usio wa kawaida. Dalili hufanana na za Parkinson lakini zina tofauti: aghalabu huathiri pande zote mbili, kutetemeka mkono ukiwa umetulia si kwa kawaida, mgonjwa huelekea kutembea kwa ncha za miguu, na levodopa humsaidia kidogo au haimsaidii. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba dalili zinaweza kuendelea kuzidi hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mgodini mwaka 1974 alitimiza miaka 70 mwaka 2024. Umri wake peke yake unatosha kuifanya mikono yake iwe mizito. Kuwapo kwa mgodi si ushahidi kwamba mtu fulani amedhurika; lakini mganga anayempima mzee wa ukanda huu bila kumuuliza alifanya kazi gani ujanani, ameacha swali ambalo jibu lake lingeweza kubadili matibabu. Na kwa wale ambao bado wanafanya kazi ya madini ya aina hii, kinga ni kulizuia vumbi kwa maji, kwa uingizaji hewa na kwa barakoa zifaazo, kabla ya uzee kufika.

6.0 Suala la istilahi

Uchunguzi huanza kwa maneno ya mgonjwa, na hapa wanaisimu wana kazi. Katika Kiswahili neno mkono laweza kumaanisha kiungo chote kutoka begani hadi vidoleni. Kutetemeka hutajwa kwa baridi, hofu, homa na maradhi ya neva bila kutofautisha. Mgonjwa husema mkono unatetemeka, mganga huandika kwa Kifaransa neno moja, na tofauti iliyo muhimu kuliko zote hupotea.

Inapendekezwa kutofautisha tetemeko la utulivu, linaloonekana mkono ukiwa umelala mapajani, na tetemeko la tendo, linaloonekana mkono ukitumika. La kwanza huelekeza kwenye viini vya chini ya gamba; la pili, hasa likizidi kidole kinapokaribia shabaha, huelekeza kwenye serebelo. Hali kadhalika uzito wa mkono utenganishwe na udhaifu wake: mkono mzito una nguvu lakini huchelewa, ilhali mkono dhaifu umepungukiwa nguvu, na ukidhoofika ghafla upande mmoja, kiharusi ndicho cha kushukiwa kwanza.

Madaktari wa neva humwomba mgonjwa achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono, kwa sababu mstari huo hudhihirisha tetemeko na usinyaaji. Penye watu waliokulia katika sona, mchoro wa mchangani ungeweza kutumika kwa nia hiyohiyo, na wenye mchoro wangeueleza kwa maneno yao. Hata jina lenyewe halimtupi msemaji wa Kiswahili: lusona kwa umoja na sona kwa wingi hufuata ngeli zilezile za ukuta na kuta.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ustadi wa vidole hauna makao mamoja ubongoni, bali ni matokeo ya ushirikiano wa gamba, njia ya piramidi, viini vya chini ya gamba, serebelo na daraja la kati. Uzee huudhoofisha ushirikiano huo taratibu, na mazoezi huweza kuuchelewesha udhaifu huo katika fani iliyozoewa. Maradhi na sumu huudhoofisha kwa namna nyingine, na namna hiyo hutambulika kwa anayeangalia na kuuliza. Mzee anayeketi mbele ya mganga kwa sababu mkono umemkataa anastahili kuulizwa maswali matatu kabla ya kuambiwa kwamba ni umri: mkono unatetemeka wakati gani, ulianza upande upi, na mwenyewe alifanya kazi gani maishani.